Fimbo moja au fimbo tatu: njia ipi ya kuchipu inamfaa mchezaji wa gofu wa Malindi?

Mpira wa gofu umelala hatua 2 nje ya grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo, na unataka kuchipu, yaani kuupiga mkwaju mfupi kuelekea shimo. Bendera iko hatua 15 kutoka uliposimama. Upepo wa kusi unatoka baharini, nyasi zimekauka, na kati yako na shimo hakuna banka, yaani mtego wa mchanga, wala kilima. Unaingiza mkono kwenye mkoba. Utatoa fimbo gani?

Swali hili nimewauliza wengi ninaocheza nao hapa Malindi, na majibu yao huangukia pande mbili. Upande mmoja kuna wale wanaotoa weji ya digrii 56, fimbo fupi ambayo uso wake umelala kwa pembe hiyo, bila kufikiri mara mbili. Hiyohiyo huitumia kwa mpira wa chini, mpira wa juu, majani marefu na mchanga. Wanabadilisha mkono tu, fimbo haibadiliki. Upande wa pili kuna wanaopima umbali kwa macho, wakahesabu kidogo, kisha wakachagua kati ya chuma namba 8, ambacho uso wake umesimama zaidi, pichi weji, na sandi weji, ambayo uso wake umelala kuliko zote. Hao mkono wao haubadiliki, fimbo ndiyo inayobadilika.

Njia zote mbili ni sahihi na zote zimewahi kushinda mataji makubwa. Shida ni kwamba mtu anayeanza, au aliyekwama kwenye hendikapu (namba ya uwezo, ambayo ikiwa kubwa mchezaji bado ni dhaifu) ya 20 na kitu, akijaribu kuzibeba zote kwa pamoja hataimudu hata moja. Atasimama mbele ya mpira akiwa na mawazo mawili, na mikono haijui kutii mawazo mawili. Kwa hiyo lazima aanze na moja. Mimi nimeishi miaka kadhaa upande wa fimbo moja kabla ya kuhamia upande wa pili, na nitaziweka njia hizi bega kwa bega nikitazama mambo ya hapa kwetu: ardhi yetu, upepo wetu, na muda ambao mtu wa kazi anaupata.

Walimu wawili wasiofanana

Ukitaka kuielewa njia ya fimbo moja, mtazame Seve Ballesteros. Alizaliwa mwaka 1957 Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania, na utotoni alijifunzia gofu ufuoni kwa fimbo moja, chuma namba 3. Chuma namba 3 ni fimbo ya kupiga mbali na chini. Uso wake umesimama karibu wima, kwa hiyo kuupandisha mpira mdogo juu kwa fimbo ile kunahitaji mkono wenye akili. Mtoto aliyelazimika kuifanya fimbo hiyo iwe kila kitu alikua na mikono inayoweza kutengeneza mkwaju wowote. Mwaka 1978 alikuja Kenya na kushinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akatwaa The Open, moja ya mashindano makuu ya gofu, kule Uingereza. Alimaliza akiwa na mataji makuu 5.

Njia ya fimbo nyingi ina mwalimu wake pia, Paul Runyan wa Marekani. Alikuwa mtu mdogo wa mwili na mpira wake haukwenda mbali. Mwaka 1938, kwenye fainali ya PGA Championship, shindano jingine kuu, alikutana na Sam Snead, mmoja wa wapigaji wa mbali kuliko wote wa zama zile. Fainali ilikuwa ya mashimo 36, mtu kwa mtu. Snead alimwacha mbali kwenye mikwaju mirefu, lakini Runyan alishinda kwa mashimo 8 yakiwa yamebaki 7 tu ya kucheza. Alichokuwa nacho ni mchezo wa karibu. Alichipu kwa mwendo uleule wa kuputi, yaani wa kuuviringisha mpira kwenye grini, akibadilisha fimbo kulingana na umbali ambao mpira ulipaswa kuviringika.

Nawaweka hawa wawili mbele kwa sababu watu wengi hapa wanamwiga Ballesteros bila kujua wanaiga nini. Wanaona mpira ukipaa, ukitua kimya karibu na shimo, wanasema hiyo ndiyo gofu. Hawaoni yale maelfu ya mipira ya ufuoni yaliyotangulia.

Ardhi na upepo wa kwetu vinasemaje

Jambo hili ndilo lililonihamisha upande, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Nyasi zinazostahimili joto na chumvi ya pwani ni ukoka, zile zinazotambaa ardhini na kushikana kama mkeka. Ukoka una tabia moja ambayo mchezaji wa bara aliyezoea nyasi laini za baridi hushangazwa nayo: majani yake hulalia upande. Ukichipu kufuata ulalo, fimbo hupita bila kizuizi. Ukichipu kinyume na ulalo, ukingo wa mbele wa fimbo hunaswa, fimbo inasimama, na mpira unasogea hatua moja ukiwa unakuchekea. Kabla ya kila chipu inama uutazame ukoka: ukionekana unang'aa, unalalia mbali na wewe, ukionekana mweusi mweusi, umekuelekea.

Sasa pima fimbo mbili kwenye ukoka uliokuelekea. Weji ya digrii 56 ina uso uliolala na ukingo mkali; katika mkono usio na uhakika ndiyo hunaswa kwa urahisi zaidi. Chuma namba 8 ukikishika kama unavyoshika fimbo ya kuputi, ukasimama karibu na mpira hadi kisigino cha fimbo kikainuka na ncha tu ikagusa nyasi, kinapita juu ya ukoka kwa sehemu ndogo sana ya chuma. Hakuna kingi cha kunaswa. Hii ndiyo siri ya Runyan, na kwa ukoka wetu inafaa kama ufunguo kwenye kufuli lake.

Msimu nao una neno. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu. Chini ya kila weji kuna soli, na ukingo wa nyuma wa soli hiyo huteremka chini kuliko ukingo wa mbele. Pembe yake huitwa baunsi na huandikwa kwa digrii. Weji za baunsi ndogo zina digrii 4 hadi 6, za wastani 7 hadi 10, na zinazozidi hapo zimetengenezwa kwa mchanga laini na ardhi iliyolowa. Ukifungua uso wa weji, baunsi inaongezeka. Mtu mwenye weji ya baunsi 14 akiufungua uso juu ya ardhi ya kaskazi, soli inadunda chini kabla ya kufika kwenye mpira, ukingo unaugonga mpira tumboni, na mpira unaruka hadi upande wa pili wa grini. Wengi hudhani wameinua kichwa. Mara nyingi kichwa hakikuwa na kosa lolote. Fimbo ndiyo haikufaa ardhi ile.

Masika yakifika, hali inageuka. Ardhi inalainika, mpira uliorushwa juu unatua na kukaa, na mpira wa kuviringika unapunguza mwendo kwenye nyasi zilizolowa. Miezi hiyo mwenye fimbo moja anapumua.

Ila masika huja na kusi, na upepo huo unaendelea kuvuma hata baada ya mvua kukatika. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93. Kitu chepesi namna hiyo ukikitupa juu mbele ya upepo wa baharini, umeukabidhi upepo sehemu ya kazi yako. Mpira unaoruka hatua 3 tu na kuviringika zilizobaki hauguswi sana na upepo.

Kwa ardhi na upepo, basi, hukumu yangu ni ya wazi: fimbo tatu.

Hesabu ndogo ya fimbo tatu

Uzuri wa njia hii ni kwamba inafundishika kwa namba, na namba mtu anaweza kwenda nazo nyumbani akazikariri. Ukitumia mwendo uleule mmoja, mpira wa chuma namba 8 huruka sehemu 1 na kuviringika sehemu 4. Chuma namba 9 huruka 1 na kuviringika 3. Pichi weji huruka 1 na kuviringika 2. Sandi weji huruka 1 na kuviringika 1. Wachezaji wengi huikumbuka kwa namba 12: toa kwenye 12 idadi ya sehemu unazotaka mpira uviringike, na jibu ni namba ya fimbo. Ukitaka 4, fimbo ni 8. Ukitaka 3, fimbo ni 9. Pichi weji huhesabiwa kama 10, sandi weji 11.

Turudi kwenye mpira wetu wa mwanzo. Hatua 15 hadi bendera, hatua 2 nje ya grini. Kwa chuma namba 8, hatua 15 zinagawanywa kwa 5: mpira unaruka 3, unaviringika 12. Unatua hatua 1 ndani ya grini, mahali palipokatwa sawasawa, kisha unatembea kama uliputiwa. Kwa sandi weji ungelazimika kuurusha hatua 7 na nusu, yaani zaidi ya mara mbili ya mruko ule, na kila hatua ya kuruka huongeza nafasi ya kukosea.

Sasa badilisha mambo. Mpira uko hatua 4 nje ya grini, bendera hatua 12. Chuma namba 8 kingeutua mpira hatua 2 na kidogo mbele yako, bado kwenye ukoka, na hapo huna habari utaruka vipi. Pichi weji ungetua hatua 4, ukingoni kabisa. Sandi weji inautua hatua ya 6, ndani ya grini, na unaviringika 6. Hapo sandi weji ndiyo jibu, na mkono wako haukubadilika hata kidogo. Kanuni ninayoishika ni moja: chagua fimbo yenye uso uliosimama zaidi ambayo bado inautua mpira hatua moja au mbili ndani ya grini.

Tahadhari mbili. Namba hizi ni za grini tambarare yenye kasi ya kawaida. Mteremko unaongeza, kilima kinapunguza, na grini ya Februari si ya Mei. Halafu, seti za fimbo hazifanani. Pichi weji ya seti nyingi za zamani ilikuwa na digrii 48 hivi. Za seti mpya nyingi zimesimama zaidi, 44 au hata pungufu, kwa hiyo mpira wake unaviringika mbali kuliko nilivyoandika. Chukua fimbo zako mwenyewe, piga mipira 10 kwa kila moja, hesabu hatua, uandike kwenye karatasi ukaiweke kwenye mkoba.

Mwendo wenyewe ni huu. Simama miguu karibu, uzito umeegemea mguu ulio upande wa shimo. Shika fimbo chini kidogo ya kawaida. Mpira uwe katikati au nyuma kidogo ya katikati. Mabega na mikono viende pamoja kama mlango unaofunguka na kufungika. Vifundo vya mikono visikunjike. Ukitaka mpira uende mbali, rudisha fimbo nyuma zaidi, usiongeze nguvu.

Mahali fimbo moja inaposhinda

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Kuna sehemu tatu ambako mwenye fimbo moja aliyeizoea humwacha mwenzake nyuma.

Ya kwanza ni banka lililo katikati yako na bendera, na bendera imewekwa karibu na ukingo. Chuma namba 8 hapo hakina la kusema. Lazima mpira upae na utue laini, na anayejua kuufungua uso wa digrii 56 na kupitisha soli chini ya mpira ndiye anayelala karibu na shimo. Ya pili ni majani marefu baada ya masika, ambako mpira umezama. Mwendo wa kuputi hauna nguvu ya kuutoa. Unahitaji vifundo vikunjike mapema na fimbo ishuke kwa pembe kali. Ya tatu ni mchanga wenyewe.

Kwenye banka hakuna mjadala wa fimbo moja au tatu, ni sandi weji, na inafaa kujua kwa nini. Kabla ya miaka ya 1930 wachezaji walitoka mchangani kwa fimbo zenye ukingo mwembamba zilizochimba kama jembe. Gene Sarazen, mchezaji wa Marekani, aliongeza madini chini ya soli ya fimbo yake hadi ukingo wa nyuma ukashuka, fimbo ikawa inateleza mchangani badala ya kuzama. Aliitumia fimbo hiyo mwaka 1932 na kushinda The Open mwaka huohuo. Ile baunsi inayokusumbua kwenye ardhi kavu ya kaskazi ndiyo rafiki yako mchangani. Kwa mtu wa Malindi anayenunua weji moja tu, ningemwambia atafute digrii 56 yenye baunsi ya 8 hadi 10, ambayo haitamtupa sana pande zote mbili. Ile ya digrii 60 naiacha kwa wenye hendikapu ya tarakimu moja.

Kuna pia jambo la uzoefu. Anayetumia fimbo moja kila siku anaifahamu kama mshona viatu anavyoifahamu sindano yake. Uzito wake, mlio wake, anajua hata akiwa amefumba macho. Hisia hiyo huwezi kuipata haraka ukigawa muda kwa fimbo tatu.

Muda, mahali na ufuo

Kwa hiyo swali linageuka: una muda kiasi gani, na unaupata wapi?

Njia ya fimbo tatu inahitaji grini, kwa sababu kinachofundishwa ni mviringiko. Saa moja mara mbili kwa wiki kwenye grini ya mazoezi inatosha kwa mtu mzima mwenye kazi kuona tofauti ndani ya miezi michache. Si lazima uwanjani kila wakati. Mwendo wenyewe unaweza kuufanyia uani, ukilenga taulo iliyotandikwa hatua 3 mbele. Taulo ndiyo mahali pa kutua. Kitakachofuata mpira ukishatua, grini itakufundisha siku ukienda.

Njia ya fimbo moja inahitaji saa nyingi lakini haihitaji grini, na hapa sisi wa pwani tuna utajiri ambao watu wa bara hawana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakitoka hutoka mbali, na ufuo unabaki mpana wenye mchanga uliolowa na kushikana. Mchanga ule ni mwalimu mkali. Ukipiga nyuma ya mpira kwa upana wa kidole, alama inabaki pale pale, na huwezi kujidanganya. Ukipiga mpira kwanza, alama inaanza mbele ya mpira. Chora mstari kwa ncha ya fimbo, weka mipira 10 juu ya mstari, piga, kisha soma mchanga ulivyoandika. Panda juu kidogo kwenye mchanga mkavu na laini, na una banka lisilo na mwisho.

Lakini ufuo una haki zake. Enda asubuhi na mapema kabla watu hawajajaa, piga kwa kufuata ufuo, kamwe usipige kuelekea baharini wala penye wavuvi na watoto. Sehemu ya bahari ya Malindi ni hifadhi tangu 1968, na mpira wa gofu ni plastiki na raba. Ukiingia majini unakaa huko. Hesabu mipira unapofika, uihesabu tena unapoondoka. Na ukirudi nyumbani osha fimbo kwa maji baridi ya bomba na uifute, maana chumvi hula chuma usiku mmoja tu.

Kwa kijana anayekaa karibu na ufuo na ana saa mbili kila siku, na mfukoni hana zaidi ya weji moja ya mtumba, njia ya fimbo moja ni halali yake kabisa. Asimsikilize mtu anayemwambia anakosea. Makedi wengi, wale wabeba mikoba ya wachezaji, wamejifunza hivyohivyo, kwa fimbo waliyopewa na mchezaji aliyenunua mpya, na mikono yao huonekana.

Kwa upande wa pesa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kanuni zinaruhusu fimbo 14 kwenye mkoba, na mwenye hata nusu seti huwa tayari ana chuma namba 8 na pichi weji. Fimbo tatu hazikugharimu chochote cha ziada. Ni fimbo ulizonazo ambazo hujawahi kuziuliza swali.

Siku mkono unapotetemeka

Nilihama upande siku moja ya mashindano madogo, mwezi wa Januari, ardhi ikiwa kavu. Shimo la mwisho, mpira hatua 3 nje ya grini, bendera upande wa mbali, mwenzangu wa timu amenitegemea. Nilitoa weji yangu ya siku zote, nikafungua uso kama nilivyozoea. Soli ikadunda. Mpira ukapita bendera, ukapita grini, ukaingia majanini. Niliutoa kwa mikwaju miwili zaidi, na tukapoteza kwa mkwaju mmoja.

Mzee mmoja aliyekuwa amebeba mikoba tangu mimi sijazaliwa alikuwa amesimama kivulini. Nilimwendea.

"Shikamoo, Ami. Nimekosea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mkono wako ulikuwa mzuri asubuhi nzima. Pale ulikuwa unatetemeka, nikauona. Mpira ule haukuwa na haja ya kupaa. Ungeuacha utembee."

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu alikuwa amesema kitu ambacho hakuna kitabu cha mafunzo kilichokuwa kimenifikishia. Fimbo moja hutegemea vifundo vya mikono na hisia za vidole, na woga hupita hapohapo kwanza. Mwendo wa mabega ni mkubwa na wa polepole; moyo ukienda mbio, mabega hayajui. Mkwaju mbaya wa chuma namba 8 bado huishia kwenye grini, hatua tano mbali labda, na unaputi mara mbili. Mkwaju mbaya wa weji iliyofunguliwa huishia kama ulivyoishia wangu.

Ukipima njia mbili, usizipime kwa mikwaju yao mizuri. Mizuri yote inapendeza, na ule wa juu unapendeza zaidi. Pima ile mibovu.

Jinsi ya kuamua mwenyewe

Usichukue neno langu tu. Nenda kwenye grini jioni moja na mipira 10. Chagua sehemu tatu: moja hatua 2 nje ya grini na bendera mbali, ya pili hatua 4 nje na bendera ya kati, ya tatu nyuma ya banka. Kwenye kila sehemu piga mipira yote 10 kwa weji yako moja, kisha 10 kwa fimbo ambayo hesabu inakupa. Hesabu mipira iliyosimama ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo. Kisha, na hili ndilo wengi hulisahau, hesabu ambayo haikukaa kwenye grini kabisa. Rudia wiki inayofuata, upepo ukiwa tofauti.

Mimi nilipofanya hivyo, sehemu mbili za kwanza zilikwenda kwa fimbo tatu bila ubishi, na ya tatu ikabaki kwa weji. Kwa mtu mzima anayecheza mwishoni mwa wiki, aliye na hendikapu kubwa na hapati zaidi ya saa mbili tatu za mazoezi, ningemwambia aanze na chuma namba 8, pichi weji na sandi weji kwa mwendo mmoja, na mkwaju wa juu ajifunze baadaye kwa ajili ya mabanka tu. Kwa mchezaji wa hendikapu ya 10 kushuka ambaye tayari ana mikono, aendelee na weji yake lakini aweke chuma namba 8 kwa miezi ya kaskazi. Kwa mtoto, mpe fimbo moja na ufuo, umwache.

Na ukiwa nje ya grini kwa hatua moja tu, nyasi fupi, hakuna kitu katikati, toa fimbo ya kuputi. Haimo katika njia yoyote kati ya hizi mbili, na hakuna chipu inayoishinda. Acha bendera ndani ya shimo. Ukiwa nje ya grini kanuni hazikuzuii, na tangu 2019 unaweza kuiacha hata ukiputi ndani ya grini. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira unaokuja kwa kasi ya ziada ukigonga katikati ya mti wa bendera, mara nyingi hudondoka ndani.

Kesho maji yatatoka mbali. Nitakuwa ufuoni na mipira 10 na weji yangu ya zamani, kwa sababu lile banka la mbele ya grini bado linanidai.